Sefti ya Meli ya Kubeba Ndege

Minza mayu, mama yangu,

Salamu nazifupisha. Tuko nyumba moja, nakusikia unakohoa chumba cha pili. Mambo ya safari mama yako ameyamaliza: hela uifunge wapi, michembe ya viazi usiigawe kwenye basi mpaka ikaisha, ukifika uwasalimie watu wa nyumba ya mjomba wote, hata wadogo. Mimi hapo sina la kuongeza. Nakuandikia habari ya meli.

Najua utasema, baba huyo kaanza tena. Meli ya kubeba ndege umeisikia kwangu tangu hujaanza shule. Lakini kuna kipande chake kimoja sikuwahi kukusimulia, na hicho ndicho kilichofika kwetu kweli. Mengine yote niliyasoma tu kitabuni.

Nimekaa na kalamu tangu wageni waondoke. Nilidhani nikianza nitalia. Hakuna. Naandika kama ninavyoandika majina ya wakulima pale kwenye mizani ya pamba. Usifikiri baba hana uchungu. Upo, ila sijui umekaa wapi.

Jineri ya pamba wewe unaikumbuka imefungwa, mbuzi wanalala ndani. Wakati ule ilikuwa ya ushirika na ilikuwa inaunguruma msimu mzima. Mimi nilikuwa mtunza stoo, wenzangu wakaniita Bwana Stoo. Mjomba wako Maduhu alikuwa mtu wa boila. Kazi ile nilimtafutia mimi, nilipomuoa dada yake. Boila ndilo lililokuwa linatoa mvuke wa kuzungusha injini, na injini inazungusha mashine zote za kuchambua pamba. Boila likifa, kila kitu kimekufa, malori yanapanga foleni mpaka barabarani na madereva wanatukana.

Shida yetu ilikuwa spea. Mitambo ililetwa na Waingereza, na kiwanda kilichoitengeneza tuliambiwa kimeshafungwa huko kwao. Tukawa tunaishi kwa kula mashine zetu wenyewe. Mashine moja inazimwa, unaitoa beringi, unaitoa mikanda, unaitoa misumeno, unazipa zile zinazozunguka. Ukiingia ukumbini unaona mifupa imepangwa upande mmoja na zile zinazofanya kazi upande mwingine.

Halafu ikaja ruksa. Kabla ya hapo kitu cha nje ukikipata ni kwa kibali. Sasa kila mwenye uwezo akawa analeta anachotaka. Maduka ya Mwanza yakajaa spea, na nyingi zilikuwa feki. Unanunua beringi inang'aa ndani ya boksi, unaifunga asubuhi, jioni imesagika kama karanga. Mikanda nayo inakatika siku hiyo hiyo. Tuliumia sana. Basi sisi watu wa jineri tukajifunza akili yetu: kitu cha duka unakipima kwa mkono. Ukikiona chepesi unakirudisha. Kizito ndiyo orijino. Hatukusoma mahali popote akili hiyo, tuliipata kwa kuumia, na ndiyo maana tuliiamini.

Sasa sikiliza habari ya sefti, maana utaisoma hukohuko chuoni na nataka uisikie kwangu kwanza. Sefti ni valvu inayokaa juu ya boila. Presha ikizidi inafunguka yenyewe, mvuke unatoka nje, basi. Ya kwetu ikifunguka ilikuwa inapiga mluzi mkali, mbwa wa jirani wote wanaanza kulia. Geji ya presha ilikuwa imekufa zamani, mshale umelala pale pale. Kwa hiyo Maduhu alikuwa anafanya kazi kwa masikio. Sefti ikipiga anapunguza kuni. Ikinyamaza anaongeza. Alikuwa anaweza kula, kupiga soga, kucheza bao, sikio lake liko kwenye sefti.

Ile sefti ikachoka, ikaanza kuvuja. Meneja akanituma Mwanza nikatafute nyingine.

Kulikuwa na mtu anaitwa Kulwa, ana duka la spea kubwakubwa, za mitumba. Nilimkuta amekaa juu ya pampu.

"Bwana Stoo, karibu. Unataka kipya au unataka chuma?"

"Nataka sefti ya boila."

Akaniletea mbili. Moja mpya, ndani ya boksi, namba yake ya presha ni ile ile ya boila letu. Nikaishika. Nyepesi, Minza. Nikaiweka chini kama nimeshika kitu kichafu. Ya pili ilikuwa ya shaba tupu, imekwanguka rangi ya kijivu, nzito kama mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Hiyo imetoka kwenye manowari," Kulwa akasema. "Meli ya kubeba ndege. Ikizeeka wanaikokota mpaka ufukweni huko India, watu wanaikata kama nyama ya msiba. Bomba huku, milango huku, masufuria huku. Mlango wake mmoja nimemuuzia mwenye bucha wa Lamadi. Mwizi akiutaka ule aje na jeshi lake."

"Meli inabebaje ndege?"

"Zinatua juu yake. Na kuruka zinarushwa na manati ya mvuke."

"Manati?"

"Si unajua manati ya watoto ya kupigia ndege? Hii yenyewe inarusha ndege."

Tulicheka sana. Kwenye shaba palikuwa na namba ya presha imegongwa. Niliiona. Ilikuwa kubwa kuliko ya kwetu mara nyingi. Kulwa hakunidanganya, nisimsingizie. Aliniambia, "Springi ya hiyo ni ngumu, ni ya meli. Fundi wenu aiangalie kwanza." Nikamjibu, "Ngumu ndiyo tunayoitaka." Akanifungia kwenye gunia, na ili isigongane njiani akaizungushia kitabu kikubwa kisicho na gamba, kimejaa michoro. Ndicho kile kitabu.

Tuliifunga Jumapili, mimi na Maduhu, boila limepoa. Fundi mkuu alikuwa amekwenda kwao na sikutaka kumsubiri, malori yalikuwa yameshaanza kupanga foleni. Matundu ya bolti hayakukaa sawa, tukatoboa upya. Maduhu anaimba. Akainua ile sefti akaipiga busu.

"Shemeji, sasa na sisi tuna jeshi la maji."

"Fanya kazi."

"Hii itapiga mluzi kama ile yetu?"

"Itapiga mpaka Lamadi wasikie."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Maduhu akawasha moto zamu ya alfajiri. Mimi nilikuwa njiani kwenda kazini niliposikia mlio, siyo mluzi, mlio wa kitu kinachopasuka. Bomba kubwa la mvuke lilikuwa limefunguka kwenye maungio, na Maduhu alikuwa amesimama mbele yake. Walikuwa wameshamvuta nje nilipofika. Sitakuandikia nilichokiona. Uso wake unaujua, na ule mkono wa kulia unaujua, umeshikana vidole. Jicho moja lilikufa siku ile, na la pili linaona vivuli.

Wote wakapanda lori kumpeleka hospitali Bariadi. Mimi nikasema nabaki nilinde mali ya ushirika. Nikasimama mle ndani. Mvuke ulikuwa unaisha. Nikaangalia juu, nikaona ile sefti imekaa palepale, kavu, safi. Haikuwa imetoa hata tone. Hapo nikajua. Sikujua kwa kitabu, kitabu nilikuja kukisoma baadaye. Nilijua kwa kuiona tu ilivyokaa.

Nikasubiri ipoe. Mchana nikapanda, nikafungua bolti, nikairudisha ile ya zamani inayovuja. Ile ya meli nikaifunga kwenye gunia nikaitupa kwenye choo cha nyuma ya maghala. Ilipofika chini ilitoa mshindo. Nikanawa mikono, nikakaa kwenye kiti changu cha stoo, nikala mihogo niliyokuwa nimebeba. Nilikula yote. Mpaka leo nashangaa niliimezaje.

Bomba lilipokwisha kuungwa, wakubwa wa ushirika walikuja kupima. Sefti ya zamani ikafunguka vizuri, ikapiga mluzi wake. Wakauliza, ilikuwa hii hii? Nikasema hii hii. Meneja nilishamwambia ile ya Mwanza ilivuja, nikaiondoa Jumapili jioni na kumrudishia mwenye duka. Wakauliza, sasa mtu wa boila hakusikia? Niliinamisha kichwa, kama mtu anayemwonea shemeji yake aibu. Wakaandika alisinzia kazini. Akaondolewa, na kwa kuwa ni uzembe hakupata kitu.

Lakini hilo bado siyo lenyewe.

Lenyewe ni hospitalini. Maduhu alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima, mdomo tu ndio uko nje. Mama yako alikuwa ametoka kuchota maji. Nikamwambia, Maduhu, ile ya meli nilikuja kuiondoa Jumapili jioni ulipoondoka, niliona inavuja, nikarudisha ya zamani. Hakushangaa. Alikuwa ananiamini, mimi ndiye Bwana Stoo. Halafu akauliza:

"Kwa hiyo ilipiga, shemeji?"

Nikasema, "Ilipiga."

"Watu waliisikia?"

"Waliisikia."

Akasema, "Basi nililala." Akarudia tena, taratibu, kama mtu anayejifunza jina la mgeni. "Basi nililala."

Minza, mtu yule hakulala. Alikuwa amesimama kwenye kazi yake anasubiri mluzi, na mluzi haukuja kwa sababu haukuweza kuja. Bomba lilikuwa na nguvu ya jineri na sefti ilikuwa na nguvu ya manowari. Mpaka leo anaamini alisinzia. Alipopona kuna watu walimpa kazi ya ulinzi, anaona vivuli lakini masikio yake mazima, akakataa. Akasema, mlinzi gani anayelala mluzi unapiga? Mke wake ananiambia usiku hata panya akipita anaruka kitandani. Anajilinda asilale.

Kile kitabu nilianza kukisoma wakati ule. Nilisoma mpaka darasa la nane tu na Kiingereza changu ni cha kuunga, nikaazima kamusi ya mwalimu. Nilikuwa natafuta ukurasa utakaoniambia kwamba ni bahati mbaya. Nikawa nasoma usiku na wewe umekaa mapajani, unauliza hiki nini, hiki nini. Ndipo meli ikawa hadithi yako.

Unakumbuka ulivyoniuliza, "Baba, hao noni wanalala wapi baharini?" Nilikuwa nimesema ndege, na wewe kwa Kisukuma chako ukaelewa ndege wa angani, noni. Ukachora meli imejaa kuku. Mama yako akacheka mpaka akakaa chini. Nilikufurahia, lakini kama mtu anayeangalia kupitia dirisha.

Nikakusimulia jinsi meli za kwanza zilivyokuwa za kawaida tu, watu wakapigilia sakafu tambarare juu yake. Bomba la moshi na chumba cha nahodha vilikuwa vinakaa katikati, vinamzuia rubani, upepo unazunguka pale na kumyumbisha, wakavisogeza pembeni kulia. Lifti za kushusha ndege chini walizitoboa katikati ya sakafu. Lifti ikikwama, meli nzima ina shimo katikati na hakuna kinachoruka, kwa hiyo baadaye wakazihamishia ukingoni. Wewe ukasema, "Si wangeweka ukingoni tangu mwanzo?"

Uliyoipenda zaidi ni ile ya mshazari, sakafu iliyopindishwa. Ndege ikitua ilikuwa lazima inase waya wa kuisimamisha kwa ndoana yake ya nyuma. Ikikosa waya, mbele yake kuna wavu, na nyuma ya wavu ndege nyingine zimepangwa na watu wanafanya kazi. Rubani akikosea, kosa lake linawafuata wenzake. Miaka mingi walijenga hivyo. Mpaka mtu mmoja akafikiria, kwa nini tusiipindishe njia ya kutua, iende upande wa kushoto? Akikosa waya, mbele yake pawe wazi, bahari tu, akanyage mafuta aruke tena azunguke. Meli zilizokwisha kujengwa wakazirudisha kiwandani wakazipindishia sakafu. Ulikuwa unachora mstari ule kwa mkaa ukutani. Fundi seremala aliyekuja kutengeneza kitanda akauliza, huyu mtoto anachora nini, nikasema njia ya mtu aliyekosa. Akaniangalia vibaya.

Na nilikusimulia mwisho wake. Chuma kilikuwa bado kizima, lakini ndege zilikuwa zimekua. Kila mwaka zilikuja nzito zaidi na za kasi zaidi, mpaka meli nyingine ikawa haiwezi kuzibeba hata ukiipindisha namna gani. Spea nazo hazitengenezwi tena. Basi wanachukua meli dada, iliyojengwa pamoja nayo, wanaitoa pampu na valvu kuipa mwenzake. Halafu siku moja zote mbili zinakokotwa ufukweni. Ulilia hapo. Ulisema tusimalizie hivyo. Kwa hiyo kila siku nikawa naishia kwenye mshazari, ndege imekosa waya, imeruka, inazunguka. Tunalala.

Ukurasa wa valvu niliupata mwishoni mwishoni, kurasa za mvuke wa ile manati. Niliutafsiri neno kwa neno. Ulisema sefti haichaguliwi kwa ugumu. Inachaguliwa ili iwe ya kwanza kushindwa, kabla ya bomba, kabla ya maungio, kabla ya mtu. Ile nyepesi ya kwenye boksi ndiyo ilikuwa sahihi. Nilisoma sentensi ile, nikafunga kitabu, nikaenda kulala. Asubuhi nikaendelea kukusimulia habari ya lifti.

Umechagua kusomea mitambo kwa sababu ya meli ile. Walimu wanasema una kichwa, mimi naambiwa hongera, umemlea vizuri. Nakubali hongera. Ndivyo nilivyokaa miaka hii. Nikienda Mwanza, alikohamia Maduhu, nampelekea mchele, nampelekea pamba ya kujazia mto, ananishika bega na kuwaambia majirani, huyu ndiye shemeji, wengine walinikimbia. Nakaa, nakunywa uji, naondoka. Mwanzoni nilikuwa nikitoka pale natapika. Halafu ikaacha. Nilidhani kuacha kutapika ndiyo kupona.

Ningeweza kuendelea hivyo. Sitaki nikudanganye kwamba dhamiri iliniamsha. Kilichonipata ni kwenye msiba wa Kiloleli, mwezi uliopita, mlipokuwa ninyi wanawake jikoni. Maduhu alikuwa amekaa nami kwenye benchi.

"Shemeji, nasikia Minza anakuja Mwanza kusomea mitambo."

"Ndiyo. Tunatafuta pa kukaa."

"Pa kukaa wapi, na mimi nipo? Mtoto wa dada yangu akapange kama mfanyabiashara wa dagaa? Aje kwangu. Kodi yake moja tu."

"Kodi gani?"

"Akifika kwenye somo la boila, jioni anisomeshe. Mimi nataka kujua. Labda mvuke una namna ya kumlewesha mtu. Maana usiku ule nilikuwa nimelala vizuri nyumbani, shemeji. Sikuwa nimekunywa. Sikuwa na usingizi. Huwa najiuliza, nilikosea wapi?" Halafu akacheka. "Usimwambie kwamba mjomba wake atakuwa mwanafunzi mzembe."

Nikasema nitamwambia. Mtu akaleta chai, tukanywa.

Kwa hiyo unaona jinsi ilivyokaa. Utafundishwa sefti. Jioni utakaa naye, utamweleza springi na presha, na yeye atakueleza siku yake: mluzi ambao hakuusikia, sefti ya meli iliyokaa siku moja ikaondolewa. Una kichwa. Utaelewa katikati ya maneno yake, ukiwa umekaa kwenye kiti chake, umekula ugali wake. Na utalazimika kuchagua kunyamaza au kusema, peke yako, bila mimi.

Jana nilimwambia mama yako. Alikuwa anachagua michembe ya safari yako. Nilimwambia yote kama nilivyoiandika hapa. Akasema, "Nimesikia," akaendelea kuchagua. Nikasubiri.

"Yule ni mdogo wangu," akasema baadaye. "Yale malengelenge nilimwosha mimi. Wewe ulikuwa unashika beseni."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unashika beseni, Baba Minza."

"Ndiyo."

"Na sasa mtoto anakwenda kulala kwake."

Nikamwambia nilifikiri umalize kwanza masomo, usije ukakosa pa kukaa, kisha nitasema. Akasimamisha mikono.

"Kwa hiyo yeye ale ugali wa Maduhu miaka yote hiyo, wewe umekaa hapa Somanda unapumua."

"Sasa nifanyeje, Mama Minza?"

"Mimi unaniuliza? Kaulize kile kitabu chako."

Hajaongea nami tena tangu hapo. Leo mbele ya wageni alinipa chakula kama kawaida, akanikaribisha kwa adabu zote. Wewe hukuona kitu. Sisi nyumba hii tunajua kukaa hivyo, mimi ndiye niliyewafundisha.

Sikuandikii ili unisamehe. Hilo sikuombi na usiharakishe kunipa, kwa sababu ukinipa mapema nitalitumia, najijua. Wala sikuandikii ili ujifunze kitu. Ulichotakiwa kujifunza kwangu umeshajifunza kwa kuniangalia, kizuri na kibaya, siwezi kukivuta nyuma. Nakwambia kwa sababu tukikutana na Maduhu nataka mtu mmoja pale awe anajua kwamba ninachosema ni kweli yote, nisije nikapunguza. Nina kipaji cha kupunguza.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome kabla hatujatoka. Kesho napanda basi moja na wewe. Nimeomba ruhusa kwenye mizani. Usipotaka kukaa na mimi siti moja, nitakaa nyuma, Mwanza siyo mbali. Usiponiamkia asubuhi sitauliza kwa nini.

Najua ninachokiharibu. Maduhu akikasirika, na ana haki, anaweza kukufungia mlango kwa ajili yangu, na sina ndugu mwingine Mwanza wa kukupokea. Utakuwa umekosa pa kukaa kwa kosa lililofanyika ukiwa mtoto mdogo. Nimelizungusha hilo kichwani mwezi mzima na sijaliona jibu zuri. Nimeona tu kwamba nikisubiri tena, kosa hili litakufuata wewe.

Tukifika, hodi nitapiga mimi. Wewe simama na begi lako nje ya mlango, mahali unaponisikia, usivue viatu, usipokee maji, usijibu hata akikutania. Nitaingia nikae mbele yake, upande wa lile jicho linaloona vivuli, ajue ni nani. Nitamwambia, "Maduhu, haikupiga." Nitasema hilo kwanza, kabla ya salamu za nyumbani, kabla ya kusema mimi nilifanya nini, maana hilo ndilo lake. Mengine yote ni yangu, atayasikia baadaye kama bado atataka kusikia.

Akisema tuondoke wote, tutaondoka wote, tutatafuta. Akisema niondoke mimi na wewe ubaki, ubaki, uingie, umpe mkono kwa heshima. Na usinisindikize.

Ni mimi,
Baba yako